Tumbo la Baba na Swali la Daktari

Likoni, Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullah. Shikamoo, na mkono wako naubusu kutoka huku mbali. Ulinifunza kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwenu nyinyi mlio mbali na macho yangu. Leo siwezi kuanza hivyo. Nyinyi najua hamjambo, maana juzi tu nimesikia kicheko chako kwenye simu ya wifi Salma. Hofu iko huku kwangu.

Goti lako je? Yale mafuta ya nyonyo niliyokuletea unajipaka, au umempa tena Bi Tima wa nyumba ya pili? Wewe na mkono wako wazi! Jipake wewe kwanza, wengine baadaye.

Najua utajiuliza, Zuhura ana wazimu gani kuandika barua zama hizi, tena kwa herufi za Kiarabu kama bibi wa zamani. Nina sababu. Simu ya Salma huwekwa spika katikati ya ua, na nikikohoa huku Likoni, huko kwetu Siyu nzima inaniagizia tangawizi. Ninalotaka kukuuliza si la uani. Na katika nyumba hiyo ni wewe peke yako unayesoma herufi hizi, maana Kaka Shee alikuwa akitoroka chuo cha Kurani, na Salma alisoma skuli tu. Basi soma peke yako chumbani, mlango umeurudisha.

Neno lenyewe nalitaja mapema, usije ukahangaika ukidhani nimefukuzwa kazi au nimeolewa kwa siri. Daktari ameniuliza Baba alikufa kwa maradhi gani. Nami, binti yake wa kumzaa, sikujua. Jibu lako ndilo litakaloamua nifanywe nini.

Sasa nikueleze nilivyofika kwa huyo daktari.

Unajua pale kiwandani Changamwe nashona mifuko ya nyuma ya suruali, kutwa kucha mifuko ya nyuma, sijapata kuuona mguu wa suruali hata mmoja umekamilika. Mstari wetu wa cherehani una kadi moja ya kwendea choo. Kadi ya plastiki, buluu, imetundikwa kwenye msumari kando ya msimamizi wetu, Bwana Wafula. Ukibanwa unaichukua unakwenda nayo, na mwenzako akibanwa anakungojea urudi. Ndiyo sheria yao. Basi tangu mwaka jana kadi hiyo imekuwa kama mali yangu. Nikiirudisha, sijakaa sawa, tumbo linaniita tena. Wenzangu wakanipa jina, Bi Kadi. Nilicheka nao mwanzo. Baadaye nikawa nacheka huku nimekasirika.

Lenyewe huanza kwa kusokota chini ya kitovu. Linajaa, linanguruma hata aliye cherehani ya pili ananitazama. Nikienda haja napata nafuu kidogo, halafu linarudi. Siku nyingine nahara, siku nyingine choo sikipati kabisa, nakaa nimefura kama gunia la mchele. Asubuhi kabla ya kuvuka feri siweki kitu mdomoni, maana pale kwenye kungojea, katika ule msongamano, ukibanwa utakwenda wapi? Na ukishaingia ndani ya feri ndiyo umeingia. Navijua vyoo vyote kuanzia Likoni hadi Changamwe, msikiti gani upande wa wanawake huwa wazi, hoteli gani mwenyewe hana maneno. Wenzangu wanaujua mji kwa maduka yake, mimi naujua kwa vyoo.

Na watu hawakuacha kunena. Mama Mwanasiti, mwenye nyumba yangu, mwanamke mwema wa Kidigo, ila ulimi wake hauna breki, siku moja alinitazama tumbo akanong'ona, "Bi Zuhura, ni wa mwezi wa ngapi?"

Nikamwambia, "Mwezi wa ngapi wa nini? Mimi mtalaka mwaka wa tatu huu."

"Mficha uchi hazai, mwanangu."

"Basi mimi sifichi. Ni hizo mbaazi zako za nazi!"

Akanuna siku mbili. Kisha akaja na sahani imeandikwa kombe kwa zafarani, akasema labda ni jicho. Nikaiosha kwa maji ya waridi nikayanywa, Mama, usije ukasema mji umenigeuza. Maneno ya Mungu siyakatai, na moyo wangu ulitulia kweli. Tumbo halikutulia. Na maduka ya dawa ndiyo usiseme. Hapa nikaambiwa taifodi, pale amiba, kule vidonda vya tumbo, kila mmoja na vidonge vyake. Nimemeza vidonge mimi hadi nikiviona tu kichefuchefu kinanijia.

Aliyenikamata mkono kunipeleka hospitali ni Kadzo, Mgiriama wa Kisauni, cherehani yake inatazamana na yangu. Alisema, "Zuhura, wewe utakufa na hiyo kadi mkononi, tuje tukuzike nayo." Tukaomba ruhusa, tukaenda.

Daktari ni msichana wa bara, mdogo kuliko mimi, anasema Kiswahili cha mbio kama anakimbiwa na gari. Mimi nilikwenda nikifikiri nitalazwa chini ya mashine, mashine iseme. Kumbe damu alichukua, na choo akakitaka kikapimwe, lakini kazi kubwa aliifanya kwa mdomo. Aliniuliza kama polisi. Maumivu yana muda gani? Nikasema yapata mwaka. Kwa wiki yanakuja? Nikasema haipiti wiki bila kuja. Ukienda haja yanapungua au yanazidi? Choo chako kimebadilika, unakwenda zaidi au unakwenda kidogo? Kigumu au laini?

Mama, mimi niliyelelewa na wewe, kwetu ambako hata neno choo halitajwi mbele ya chakula! Niliinama chini. Naye hajali. Akatoa karatasi ina picha za vinyesi, astaghfirullah, kuanzia vigumu vidogo kama mavi ya mbuzi hadi maji matupu, akasema, "Onyesha chako." Nikajifunika uso kwa mtandio nikanyoosha kidole kama bibi harusi anayeulizwa kama ameridhia. Nikaonyesha kile kigumu, halafu nikaonyesha na kile cha maji. Kadzo pembeni anatetemeka kwa kicheko, mshenzi yule.

Akaendelea. Unakonda bila kutaka? La. Umeona damu kwenye choo? La. Una homa? Maumivu hukuamsha ukiwa umelala? Nikasema hapana, nikishalala nimelala. Akaandika, akasema nirudi majibu yakitoka.

Niliporudi, majibu yote mazuri. Damu haijapungua, hakuna minyoo, hakuna amiba, hakuna alama ya utumbo kuvimba. Unadhani nilifurahi? Wallahi nilipandwa na hasira. Nikamwambia, "Kwa hivyo sina kitu? Mwaka mzima nasingizia?"

Akaweka kalamu chini. "Hapana, dada. Una kitu. Utumbo wako ukiutazama ni mzima, ila unafanya kazi kwa hamaki. Unakaza pasipo haja, mara unakimbiza, mara unagoma. Na unasikia uchungu pale ambapo tumbo la mwingine halisikii chochote. Hakuna kipimo kimoja cha kusema huyu ana ugonjwa huu. Tunautambua kwa maelezo yako, kisha tunahakikisha si jambo jingine."

Nikauliza kama utaniua. Akasema hauui, wala haugeuki saratani, lakini pia hauondoki kwa sindano moja. Kuna vyakula vya kupunguza, nikamtajia mbaazi, maharagwe, vitunguu na maziwa, akaitikia kwa kichwa, "Umejua mwenyewe." Na fikira nazo zinauchokoza, maana tumbo na ubongo hupelekeana habari kila wakati. Nikauliza kwa nini mimi, katika viumbe vyote vya Mungu. Hapo akacheka. Akasema ni wengi sana, dunia nzima. Baadhi ya hesabu zinasema katika watu kumi huenda mmoja anao, nyingine zinasema wachache kuliko hao, inategemea wameuliza kwa njia gani. Huanza zaidi ujanani, na wanawake ndio zaidi. Wengi hawafiki hospitali kwa sababu wanaona haya. "Kaulize huko kwenye mstari wenu," akaniambia.

Sikumsadiki. Lakini wajua mimi, neno likiniingia haliniachi nikae. Kesho yake wakati wa chai nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote, kwamba tumbo langu lina ugonjwa na jina la ugonjwa ni hili na hili, na atakayeniita Bi Kadi tena tutaonana. Halafu Kadzo akasema, "Ya kweli haya? Mimi kabla ya hedhi na nikigombana nyumbani, ni hivyo hivyo. Nilidhani mke mwenzangu kaniroga." Mwanamke mwingine wa meza ya vifungo akasema yeye miaka sita anaficha, hata mumewe hajui. Na Bwana Wafula, yule yule wa kunikemea "Zuhura tena?" kila nikiishika kadi, akafungua droo akatoa chupa ya dawa ya tumbo. "Na mimi, manze," akasema. "Ile siku ya target, hesabu ya mzigo ikitakiwa, huwa sikai." Mama, tulicheka hadi tukatoka machozi, watu wazima tunazungumza vinyesi mbele ya maandazi. Jumatatu yake nikakuta kadi mbili kwenye ule msumari.

Nimeinuka kidogo, nimerudi. Usiniulize nilikuwa wapi.

Ningeachia hapo barua yangu ikawa ya kuchekesha. Lakini nimekuficha mwisho wa maneno ya daktari. Nilipokwisha kuinuka niende zangu, aliniuliza, "Nimesahau. Kwenu kuna mtu aliyepata saratani ya utumbo? Wazazi wako wako hai?"

Nikasema mama yuko, alhamdulillahi, baba alikufa nikiwa na miaka kumi na miwili.

"Alikufa kwa nini?"

"Tumbo," nikasema.

"Tumbo gani?"

Mama, swali hilo halijapata kuulizwa nyumbani kwetu. Tangu nina akili nasikia watu wakisema marehemu alishikwa na tumbo, Mungu amrehemu, na mazungumzo yanaishia hapo, kahawa inamiminwa. Daktari akauliza Baba alikuwa na umri gani. Nikasema hakufika hamsini.

Akaniambia nikae tena. Akasema mtu wa umri wangu, asiye na damu wala kukonda, hana haja ya kupitishwa ule mpira wenye kamera ndani ya utumbo. Si jambo la kumfanyia kila mtu. Lakini kama baba yangu alikufa kwa saratani ya utumbo, tena kijana vile, basi hesabu inageuka, na ni lazima nitazamwe, hata kama maelezo mengine yote yanasema ni utumbo wenye hamaki tu. "Sitaki kukusumbua bila sababu," alisema, "wala sitaki kukuacha kama sababu ipo. Kaulize kwenu."

Tangu siku hiyo sikai, Mama. Nashona mfuko naufumua. Naweka chai naisahau. Nikilala najiuliza, nikiamka najiuliza.

Nilianza kwa Ami Athmani, maana yeye ndiye aliyemwosha Baba, ndugu yake, alipokufa. Nilimpigia akiwa shambani, mbali na watu. Nikamwambia yote. Kisha akasema, "Zuhura, maiti ni amana. Niliyoyaona nimeyazika pamoja naye. Na mimi nitaoshwa siku moja, namtaka atakayeniosha anistiri." Nikalia, nikamwambia Ami, ni mimi, ni binti yake. Akasema, "Najua, mwanangu. Muulize mamako. Aliyemuuguza ana ruhusa kuliko aliyemwosha."

Sikumkasirikia. Nilimkasirikia kidogo, kusema kweli, halafu nikaona aibu. Nikaenda kwa ustadha wetu wa hapa Likoni, anayetusomesha wanawake. Akasema mwosha amefanya adabu yake. Lakini maradhi si aibu ya mtu, na aliye hai akilihitaji neno kwa ajili ya uhai wake, anayelijua amwambie yeye, si lazima autangazie mji. Ndiyo maana nimeandika, na ndiyo maana nimeandika kwa herufi hizi.

Nami nakumbuka jambo, Mama. Ile miezi ya mwisho, Baba alikuwa akikaa kwenye kigoda chake na ngozi zake za makubadhi, anaanza kiatu hakimalizi. Anainuka, anakwenda nyuma, anarudi, anainuka tena. Mimi nilifikiri anachoka. Na wewe ulikuwa ukifua nyuma ya nyumba peke yako, alfajiri, kabla hatujaamka. Siku moja nikaja kukusaidia ukanifukuza kwa ukali. Wewe, uliyenifunza kufua nikiwa sijaifikia kamba! Mashuka yalikuwa kwenye beseni na ulisimama mbele yake nisione.

Yalikuwa na nini yale mashuka?

Sikulaumu. Nilikuwa mtoto, naye alikuwa mwanamume mwenye haya zake, na wewe ulimstiri mumeo kama ulivyopaswa. Hata eda yako ulikaa bila kulitamka jina la maradhi yake. Lakini stara ile ilikuwa ya Baba, na Baba hana haja nayo tena. Mwenye haja sasa ni mimi. Na si mimi peke yangu, Kaka Shee naye ni mwanawe, na nimemsikia Salma akisema siku hizi hamalizi chakula. Mficha maradhi kifo humuumbua, ulikuwa ukimwambia Bi Tima hivyo alipokuwa akificha sukari yake. Leo nakurudishia neno lako, unisamehe.

Kama kulitamka ni kuzito, usilitamke. Ijumaa baada ya sala nitapiga simu kama kawaida, na ua wote utakuwa unasikiliza kama kawaida. Wewe tangu nimetoka nyumbani neno lako la kwanza kwenye simu ni moja, hata salamu huja baadaye: "Umekula?" Basi kama Baba alikuwa na damu, kama ndiyo ile saratani, usiniulize hivyo. Nisalimie tu, uniulize habari za Likoni, nami nitajua, nitakwenda kutazamwa wiki hiyo hiyo, na Kaka Shee tutamtafutia njia. Kama haikuwa hiyo, niulize kama siku zote. Hakuna atakayeng'amua chochote.

Nisalimie Kaka Shee, mwambie aache ukaidi ale. Wifi Salma mwambie kofia ya mtoto nimemaliza kuishona, ataletewa. Bi Tima jirani, arudishe mafuta yako. Ami Athmani mbusu mkono kwa niaba yangu, mwambie amana yake iko palepale, sikuigusa. Na kaburini kwa Baba mkienda, msomee Fatiha na yangu.

Wako mwenye kukuhitaji leo kuliko jana,
binti yako Zuhura.

Mama, nilikuwa nimekwisha kuikunja. Maimuna, binti wa Bi Tima, atakayekupa barua hii mkononi, amekaa kitandani kwangu na mkoba wake, basi la Lamu linamngoja. Simu ikalia. Kumbe ni wewe, nyuma yako kuku na kelele za ua, hata salamu hukunipa. "Zuhura, umekula?" Nikaangua kilio. Ukadhani ni njaa, nikakusikia ukimwambia Salma, mtoto hajala, mtoto hajala. Nimekula, Mama. Lakini hiyo ya leo siihesabu, maana barua bado ilikuwa mkononi mwangu. Niulize tena Ijumaa.